Mkanda Uliokolea Rangi

Popo: Haloo? Nani huyo? Simu iko mfukoni, jina silioni. Nakusikia kwa hizi waya za masikioni.

Dada: Ni mimi.

Popo: Mimi wako wengi duniani.

Dada: Dada yako.

Popo: Ahaa! Shikamoo, mtia rangi wa wafalme!

Dada: Marahaba. Uko wapi?

Popo: Mimi sijambo, asante kwa kuuliza. Na wewe hujambo? Au salamu siku hizi zimepanda bei?

Dada: Samahani, mdogo wangu. Sijambo. Uko wapi?

Popo: Kazini. Naning'inia kwenye kamba, napaka ukuta. Jina la Popo mlinipa bure?

Dada: Ghorofa ya ngapi?

Popo: Ya sita. Nikipiga chafya huku juu, chini wanafungua miamvuli.

(kimya)

Popo: Haloo? Umekatika?

Dada: Nipo. Mkanda wa kamba umevaa upi?

Popo: Upi tena? Wangu. Mwekundu. Ule uliokolea mpaka msimamizi akauliza umetoka nchi gani. Nikamwambia umetoka kwenye sufuria ya dada yangu.

Dada: Si ule wa kwanza? Ule uliotoka pinki?

Popo: Ule nilimpa yule mzee ninayepaka naye. Genge letu limepewa nyekundu, genge la pili bluu, sasa mimi nizunguke ukutani kama bi harusi? Mzee wa watu hakujali. Alisema rangi haimpandishi wala haimshushi, kinachompandisha ni kamba. Tangu siku hiyo tunamwita Mzee Pinki. Yuko hapa kulia kwangu, kama hatua nne hivi, anapaka kimya kimya kama—

(mtandao unakwaruza)

Dada: Popo. Popo! Unanisikia?

Popo: Nakusikia. Mbona unapayuka?

Dada: Sipayuki. Tafadhali acha kupaka kwanza.

Popo: Rangi itakauka kwenye ndoo, Dada.

Dada: Ikauke. Weka brashi ndani ya ndoo. Taratibu.

Popo: Haya, nimeweka. Kuna nini? Maana unaongea polepole sana. Siku ya habari ya baba uliongea hivi hivi. Nani amekufa?

Dada: Hajafa mtu.

Popo: Sema kweli.

Dada: Hajafa mtu. Nimepiga ili asife mtu.

Popo: Unanitisha.

Dada: Najua. Nataka nikuambie jambo, ila uniahidi kwamba mwili wako hautatikisika. Roho itikisike ikitaka. Mwili, hapana.

Popo: Nimeahidi. Sema.

Dada: Unajua kwa nini wa kwanza ulitoka pinki?

Popo: Dada, niko juu ya—

Dada: Nisikilize. Uzi wa mkanda ni poliesta. Poliesta haina kiu. Niliuchemsha na rangi mchana kutwa, rangi ikapita juu yake kama maji juu ya jani la yungiyungi. Sasa ule wako sikuupeleka kwenye rangi moja kwa moja. Niliutanguliza kwenye soda. Soda kali, ile ya watengeneza sabuni. Nilisoma, nikajaribu, nikaona kweli. Kitambaa kikitoka kwenye soda kinakunywa rangi kama ardhi kavu.

Popo: Ukanipa mkanda mwekundu, nikakushukuru, tukaishia hapo.

Dada: Nilidhani soda inaufungua uzi, mdogo wangu. Haiufungui. Inaula.

Popo: Inaula vipi?

Dada: Inaumenya. Kidogo kidogo, kama unavyomenya kiazi. Rangi inashika vizuri pale palipomenywa. Ndiyo maana umekolea.

(mtandao unakwaruza)

Popo: Rudia. Umekata hapo.

Dada: Nimesema, umekolea kwa sababu umeliwa.

Popo: Nani kakuambia?

Dada: Mizani. Msimamizi wenu alileta mikanda mingine mitano, unakumbuka? Aliipenda rangi ya wako. Niliipima kabla ya kuitia kwenye soda, nikaandika kwenye daftari. Leo asubuhi imekauka, nikasema ngoja niipime tena kabla hajaja kuichukua. Mmoja ulikuwa gramu mia nne na ishirini. Sasa ni mia tatu kasoro.

Popo: Labda mwanzo ulikuwa na maji.

Dada: Ulikuwa mkavu.

Popo: Mizani yako ni ya kupimia unga, Dada. Ile ya jikoni. Ile inadanganya hata—

Dada: Nimeijaribu na pakiti ya chumvi, mara tatu. Haidanganyi. Nikaukanyaga mkanda upande mmoja, nikauvuta upande wa pili. Umechanika.

Popo: Kwa mashine?

Dada: Kwa mikono.

Popo: Wewe una mikono yenye nguvu. Tangu utotoni. Ulikuwa ukinifinya—

Dada: Popo.

Popo: —nalia siku mbili.

Dada: Popo. Hiyo mitano ilikaa kwenye soda saa moja.

Popo: Na wangu?

(kimya)

Popo: Na wangu, Dada?

Dada: Saa mbili. Ulikuwa wa kwanza kutiwa kwenye soda. Niliona uzi ni mnene, nikaogopa usije ukatoka pinki tena, nawe ukanicheka.

Popo: Mungu wangu. Mungu wangu wee.

Dada: Usitikisike. Uliahidi.

Popo: Si ulisema umejaribu! Ulikaa nami pale jikoni ukaniambia nimejaribu, nimejaribu, ni salama—

Dada: Nilijaribu kwenye pazia.

Popo: Mimi ni pazia?

Dada: Hapana.

Popo: Pazia linabeba nini? Linabeba upepo! Mimi nina kilo sabini na ndoo!

Dada: Najua. Unisamehe au usinisamehe, hiyo tutaiongea chini. Sasa hivi nataka uzito wako utoke kwenye mkanda huo. Niambie umekaaje.

Popo: Nimekaa kama siku zote. Nimeukalia. Mmoja kiunoni, miwili mapajani, kamba imeshika hapa mbele. Kila kitu kiko kwenye huu huu, Dada. Mbona ulikuwa laini? Nilikusifu hata. Nilisema haunikwaruzi mapaja tena.

Dada: Ndiyo. Nilifurahi uliposema hivyo. Ningejua, ule ulaini ndio ungenitisha. Kamba yenyewe ni nzima?

Popo: Kamba ni ya kampuni. Haijapita kwako.

Dada: Vizuri. Basi kamba ni rafiki. Unaweza kujivuta juu?

Popo: Ghorofa ya sita mpaka paa? Kwa mikono? Inatoka jasho mpaka naiona inang'aa.

Dada: Na kushuka chini?

Popo: Ni kile chuma cha kuachia kamba. Nikikiachia nashuka, nikikibana nasimama. Kila nikisimama mkanda unashtuka. Ni ghorofa sita. Utashtuka mara ngapi?

Dada: Basi si mpaka chini. Tazama ukutani. Kuna kitu chochote cha kukanyaga?

Popo: Ngoja.

(upepo kwenye simu)

Popo: Kuna dirisha. Chini yangu, kidogo kushoto. Lina kibaraza cha zege nje.

Dada: Upana gani?

Popo: Unyayo. Unyayo na kidole.

Dada: Umbali gani kutoka miguuni mwako?

Popo: Kama kimo cha mtoto wa darasa la kwanza. Nikijirusha kushoto kidogo naweza—

Dada: Usijirushe! Usijirushe kabisa. Ukijirusha uzito wako unazidi mara mbili.

Popo: Sasa nifanyeje? Dada, nahisi kitu kinakwaruza hapa kiunoni.

Dada: Kinakwaruza au unasikiliza sana?

Popo: Sijui. Sijui tena. Utashika dakika ngapi huu?

Dada: Sijui. Nikisema najua nitakudanganya. Umeshika siku nne, unaweza kushika na sasa. Yule mzee bado yupo hapo kulia?

Popo: Yupo. Anapaka. Hata hajui.

Dada: Mwite. Usitanue kifua. Mwite kwa mdomo tu.

Popo: (anaita) Mzee! Mzee Pinki! Hapana, usicheke, njoo huku. Njoo na ile kamba yako ya akiba. Mkanda wangu mbovu. Mbovu! ... Hapana, si mzaha!

Dada: Anasemaje?

Popo: Anasema mkanda mpya hauwi mbovu.

Dada: Mwambie dada yako ameuchana mwenzake kwa mikono.

Popo: (anaita) Dada yangu kauchana mwenzake kwa mikono!

Popo: Ameacha brashi. Anakuja.

Dada: Mkanda wake usimtie hofu. Ule wa pinki haukupita kwenye soda. Una nguvu zake zote.

Popo: Kwa hiyo yule niliyemcheka—

Dada: Tutacheka baadaye. Sasa wewe na kibaraza. Kabla ya chochote, shika kamba juu ya kile chuma kwa mkono wa kulia. Ikaze, mpaka uhisi mkono nao unakubeba kidogo.

Popo: Nimeshika.

Dada: Mkono wa kushoto kwenye chuma. Achia kidogo kama tone. Unavyopima rangi, tone, unangoja, tone.

Popo: Mimi sijawahi kupima rangi, wewe ndiye unayepima.

Dada: Basi leo jifunze. Tone.

Popo: Nimeshuka. Kidogo.

Dada: Ngoja. Mkanda unasemaje?

Popo: Kimya.

Dada: Tone.

Popo: Nimeshuka. Miguu inatafuta kitu, Dada, inajitafutia yenyewe—

Dada: Izuie. Usipige teke hewani. Tone.

(simu inatoa mlio mfupi)

Popo: Nini hicho?

Dada: Salio langu. Usijali, bado lipo. Tone.

Popo: Sijali vipi? Ukikatika nabaki na nani?

Dada: Na mzee. Amefika wapi?

Popo: Amekaribia. Anasema nisishike ukuta, rangi mbichi inateleza. Dada, kwa nini hukunipigia jana?

Dada: Jana sikujua. Nimejua sasa hivi, hata daftari sijalifunga. Niko na kanga moja, sufuria iko motoni, namba yako nimeikosea mara mbili. Tone, mdogo wangu.

Popo: Nimesh— Wewe! Wewe!

Dada: Nini?

Popo: Kimelia! Kimelia, Dada, paja la kushoto, limeachia, limeachia lote, nimepinda, nimepinda—

Dada: Kamba! Mkono wa kulia, kamba!

Popo: Nimeshika! Nimeshika, lakini—

Dada: Kibaraza kiko wapi?

Popo: Sioni!

Dada: Usitazame chini. Nyoosha mguu wa kushoto, ule usio na mkanda. Unyooshe tu. Kidole kitangulie.

(upepo, mtandao unakwaruza)

Dada: Popo?

(mtandao unakwaruza)

Dada: Popo, nijibu. Sema chochote. Nitukane.

Popo: —dole.

Dada: Nini?

Popo: Kidole. Kimegusa.

Dada: Alhamdulillahi. Sasa wa pili. Usikimbilie. Uzito uende miguuni, taratibu, kama mtu anayeingia kwenye maji ya moto.

Popo: Miguu yote. Nimesimama. Nimesimama, Dada. Uso uko kwenye kioo. Nimekumbatia dirisha la watu.

Dada: Mkanda umelegea?

Popo: Kiunoni umelegea. Siukalii tena. Lakini upepo unanisukuma. Nikirudi nyuma nusu—

Dada: Hurudi nyuma. Mzee yuko wapi?

Popo: Yuko hapa. Ananigusa bega. Anapitisha kamba kwapani... ameizungusha... anasema ninyanyue mkono. Siwezi kuunyanyua.

Dada: Unyanyue mmoja.

Popo: Haukubali! Umekufa ganzi kwenye kamba!

Dada: Mwambie aufungue yeye kidole kimoja kimoja. Usione aibu.

Popo: Anaufungua. Anazungumza na vidole vyangu kama watoto. Mzee huyu... Kamfunga. Kanifunga, yaani. Mafundo mawili. Ameivuta mwenyewe mara tatu kuona. Anasema sasa hata nikizirai nitaziraia kwenye mkanda wake.

(simu inatoa mlio mfupi)

Dada: Dirisha. Linafunguka?

Popo: Limefungwa kwa ndani. Ni ofisi. Hapana, ni choo. Kuna mama wa usafi, amesimama na ndoo, ananitazama mdomo wazi.

Dada: Mgongee.

Popo: Namgongea. Mama! Mama, fungua! Anapiga ishara ya msalaba. Mimi si mzimu, mama, mimi ni mpaka rangi! Fungua!

Dada: Anafungua?

Popo: Anapambana na kitasa. Kimeshika kutu. Anapiga kwa mpini wa ufagio. Piga, mama, piga!

(kishindo, sauti ya kioo kikitikisika)

Dada: Nini hicho? Popo? Nini hicho?

(kimya)

Dada: Popo!

Popo: Niko ndani.

Dada: Rudia.

Popo: Niko ndani. Niko sakafuni. Nimeanguka juu ya ndoo ya mama wa watu, nimelowa mpaka kifuani. Sakafu, Dada. Vigae. Vya baridi.

(kimya)

Popo: Dada? Unalia?

Dada: Hapana. Na mzee je?

Popo: Anaingia. Huyu hapa, mguu mmoja ndani. Haongei. Anautazama mkanda wangu. Ameushika kiunoni pale kwenye kamba... Dada.

Dada: Usiniambie.

Popo: Umebaki upana wa kamba ya kiatu.

Dada: Nimesema usiniambie.

(sauti ya kitu kikikatwa)

Popo: Sauti gani hiyo huko kwako? Inakata kitu.

Dada: Mkasi. Nakata ile mitano. Nimeanza na uliokolea kuliko yote. Nakata vipande vya kidole kidole, msimamizi wenu akija asikute hata kipande cha kumvalisha mtu.

Popo: Atakuja juu. Mikanda ni ya kampuni.

Dada: Aje juu. Mwambie ni mimi.

Popo: Nitamwambia umechanika tu. Kazi ya Mungu.

Dada: Mungu hakuwasha jiko langu. Ukimwambia umechanika tu, kesho atawatafuta watu wengine wenye sufuria na soda, wamtolee nyekundu ile ile. Mwambie ni soda. Mwambie mkanda wa kumbeba mtu hautiwi soda, uwe mweupe, uwe mchafu, uwe wa pinki. Na mwambie ni mimi, anajua nyumbani.

Popo: Watu watakuacha, Dada. Watasema yule ndiye aliyetaka kumuua mdogo wake.

Dada: Waseme.

(simu inatoa mlio mfupi)

Popo: Salio lako.

Dada: Nimesikia. Inuka uende ukakae na watu. Wakupe maji.

Popo: Siwezi kuinuka.

Dada: Basi kaa. Kaa hapo hapo, mgongo ukutani. Mzee asikuache.

Popo: Amekaa karibu yangu. Naye hawezi kuinuka, anajidai tu.

Dada: Ongea na mimi mpaka iishe.

Popo: Niongee nini?

Dada: Chochote. Wewe siku zote unaongea.

Popo: Sina. Leo sina hata moja.

Dada: Basi usiseme. Weka kile kinasa sauti cha waya karibu na mdomo.

Popo: Nimeweka. Ili?

Dada: Pumua tu, nisikie.

(pumzi kwenye simu)

Dada: Nakusikia.

(pumzi)

Dada: Nakusiki—

(simu inakatika)